Gari si ungo

Nilipokuwa mdogo upepo uliezua nyumba ya jirani yetu, na hadi leo ninachokumbuka ni jinsi mabati yalivyoondoka. Hayakuporomoka wala kusukumwa kando. Yalivutwa juu, misumari ikilia, yakaenda kutua kwenye migomba. Hewa inapokimbia juu ya paa, kanieneo chake hupungua. Ile iliyotulia chini inasukuma, na bati linang'oka. Ukubwani nimekuja kuliona jambo lile lile kwenye mbio za magari za NASCAR za Marekani, ila huko kinachoezuliwa ni gari zima la tani moja na nusu, na mtu kafungwa mikanda ndani yake.

Gari la NASCAR likienda mbele halina shida hiyo. Pua yake na spoila ya nyuma vimetengenezwa ili upepo ulikandamize chini. Balaa huanza linapogeuka kinyumenyume. Hapo umbo lote linafanya kazi kinyume: kioo cha nyuma na paa vinakuwa mgongo wa bawa, hewa inapenya chini ya mkia, na matairi yanaanza kuachana na lami. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya upepo inazidi mara nne. Kwa kilomita 300 kwa saa, hiyo si nguvu ya kuchezea.

Wenye mbio waliligundua hilo kwa njia ngumu. Mwaka 1987, katika uwanja wa Talladega kule Alabama, dereva Bill Elliott aliweka rekodi ya kufuzu, yaani mzunguko wa kupanga nafasi za kuanzia, kwa kasi ya karibu kilomita 342.5 kwa saa. Siku chache baadaye, kwenye mbio zenyewe, tairi la Bobby Allison lilipasuka, gari likageuka, likapaa na kurarua uzio wa nyaya uliowatenga watazamaji. Mwanawe, Davey, alikuwa mbele na aliiona ajali kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Davey ndiye aliyeshinda siku ile. Sijui mtu anawezaje kuendelea kukanyaga mafuta baada ya kuona hivyo, lakini ndio watu wenyewe.

Dawa iliyokuja mwaka 1988 ilikuwa bamba lenye matundu madogo, lililowekwa kuibania injini hewa kwenye viwanja vya Daytona, kule Florida, na Talladega. Kasi ilishuka kweli. Ila injini zote zikabanwa sawasawa, kwa hiyo hakuna tena aliyeweza kuwakimbia wenzake. Magari thelathini yakaanza kwenda kama nyuki, bampa kwa bampa, safu mbili au tatu. Mmoja akiguswa, kumi na tano wamekwenda. Walipunguza kasi ya gari wakaongeza mikono ya kulisukuma, na miaka yote hii bado tunaishi na biashara hiyo mbaya.

Dawa ninayoiheshimu ilikuja baadaye. Mwaka 1993 Rusty Wallace alipinduka Daytona mwezi Februari, akapinduka tena Talladega mwezi Mei. Kwa mchango wa kambi ya Jack Roush, mwenye timu ya mbio, na Chuo Kikuu cha Embry-Riddle, ambacho kinafundisha mambo ya ndege hapo hapo Daytona Beach, vikapatikana vibao vya paa, na msimu wa 1994 vikawa lazima. Ni vipande viwili vyenye bawaba, vimelala juu ya paa nyuma ya kichwa cha dereva. Havina mota wala kitufe. Gari likigeuka, ule ule mvuto wa hewa unaotaka kulinyanyua ndio unaovifungua. Vikisimama, vinavuruga upepo na bawa linakufa. Adui anajimaliza kwa mkono wake mwenyewe. Ningekuwa mwalimu wa fizikia, ningeanzia hapo somo la aerodinamiki.

Lakini vibao hivyo vilibuniwa kwa ajili ya gari linalozunguka peke yake. Mwaka 2009, mzunguko wa mwisho Talladega, Carl Edwards aligeuka kinyumenyume, na kabla gari halijatulia likagongwa na la Ryan Newman na kurushwa kwenye uzio. Watazamaji kadhaa waliumia. Edwards akatoka, akakimbia kwa miguu hadi mstari wa kumalizia, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kibao cha paa hakina jibu kwa gari linalobebwa na jingine.

Ndipo ikaja bodi mpya ya mwaka 2022, yenye sakafu bapa chini. Ikienda mbele, hewa inayopita chini yake inalivuta gari kwenye lami, wazo zuri. Ila inua pua yake kidogo uone. Sakafu ile inageuka ungo, na sisi tunajua ni akina nani husafiri na ungo. Agosti 2023 Ryan Preece alibiringika Daytona mara nyingi kiasi kwamba nilipoteza hesabu, gari likichimba majani kila likitua. Baadaye sehemu ya majani yale ikawekwa lami. Agosti 2024 Corey LaJoie akapaa kinyumenyume Michigan. Wiki iliyofuata magari yakafika Daytona yamefungwa bapa jipya la kuzuia upepo upande wa kulia. Kwenye mbio hizo hizo gari la Michael McDowell liliinuka, kisha la Josh Berry likapinduka na kuteleza chali hadi ukutani.

Februari 2025, kwetu kukiwa bado hakujapambazuka, nilikuwa macho na simu mkononi wakati Preece yule yule, huko huko Daytona, alipoinuliwa pua na gari lililoingia chini yake. Lilisimama kwa matairi ya nyuma kama pikipiki ya kijana wa mtaani, upepo ukaijaza sakafu, likaenda chali. Alitoka mwenyewe kwa miguu yake. Alisema gari lilipoachana na ardhi kukawa kimya, na alichokiwaza ni binti yake.

Watetezi wa gari hilo jipya wanasema: mbona dereva anatoka mzima? Ni kweli, na waliounda kibanda cha dereva wanastahili sifa. Ila gari lililo hewani halina breki wala usukani, na nyuma ya uzio wameketi watu ambao hawakufunga mkanda wowote. Daytona, Februari 2013, injini ya gari la Kyle Larson ilipita kwenye uzio, na watazamaji zaidi ya ishirini walijeruhiwa.

Ninachodai si bapa jingine. Kila umbo jipya lipimwe kwenye handaki la upepo, yaani chumba cha kulipulizia gari upepo wa mashine, likiwa pua juu, likiwa kiubavu, likiwa limeegemea jingine, na liinuliwe hadi ijulikane linapaa kwa kasi gani. Kisha kasi ya uwanja iwekwe chini ya hapo, hata kama rekodi zitadoda na sisi watazamaji tutalalamika. Nami nitakuwa wa kwanza kulalamika, maana ile video ya Preece nimeirudia mara nne.