Sikula Chakula cha Paka, Nilionja

Kabla hujacheka, jua kwanza kwamba ile voisi ya Chidi inayozunguka kwenye magrupu imeanzia pale panapomfaa yeye. Anasema nimekutwa "nagombea sahani na paka, na paka ndiye analia." Uongo mtupu. Hakukuwa na ugomvi wowote. Paka alikaa zake pembeni, mkia kaufunika miguuni, ananitazama. Aliyekuwa anakula ni mimi peke yangu. Yaani sikuwa nakula, nilikuwa naonja. Kisheria hivyo ni vitu viwili tofauti, na kama kuna wakili humu aje anisaidie maana hali ni mbaya.

Haya. Diwani mnamjua. Kwa wageni: Diwani ni paka wangu, dume, rangi ya chungwa. Jina alipewa na mtaa kwa sababu usiku anazunguka nyumba zote na asubuhi huoni alichofanya. Huyu amekulia dagaa na ugali, akibahatika vichwa vya vibua kutoka Feri. Nilipopandishwa cheo nikajiona, nikaanza kumnunulia zile punje kavu za mfuko. Ikapita miezi, nikaona anakaa kwenye beseni lake la mchanga muda mrefu, anajikamua, kinatoka kitone. Wanaume wenzangu mtanielewa, jambo lile linauma hata kulitazama. Nikamtia kwenye kikapu cha sokoni, huyoo mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari akauliza anakula nini. Nikajibu kwa madaha: punje kavu, mzee, za kutoka nje. Akaweka kalamu chini. Akaniambia asili ya paka ni jangwani, hana hulka ya kunywa maji kama mbwa. Maji yake anategemea kuyapata humo humo kwenye nyama. Zile punje zina maji kama asilimia 10 tu, wakati chakula cha majimaji, kile cha kopo au cha pakiti, kinakaribia asilimia 80. Dume asipopata maji ya kutosha mkojo unakuwa mzito, unafanya chembechembe, na njia yenyewe ni nyembamba. Ikiziba kabisa, siku mbili tatu unachimba shimo nyuma ya nyumba.

"Huyu haijaziba," akasema. "Umewahi."

Nikauliza basi nirudi kwenye dagaa na ugali? Hapo nikapewa somo la pili. Ugali haumsaidii kitu, na paka lazima apate kirutubisho kinachoitwa taurini kutoka kwenye nyama maana mwili wake hautengenezi ya kutosha. Usiku nikaperuzi nikakuta kumbe mwaka 1987 watafiti wa Marekani ndio walioonyesha kwamba paka akiikosa, moyo unadhoofika. Nikamtazama Diwani nikakumbuka masufuria yote ya ugali. Masharti ya daktari yakawa haya: mpe cha majimaji, hakikisha pakiti imeandikwa kwamba ni chakula kamili na si cha nyongeza, kipashe kidogo kifikie joto la mwili kwa sababu paka anakula kwa pua kwanza, na usimtilie kitunguu wala kitunguu saumu, vinaharibu damu ya paka, vinaua. Hilo la kitunguu alilirudia huku kaninyooshea kidole. Likaniingia. Na nyie lishikeni, tutakutana nalo mbele.

Nikaenda supamaketi moja upande wa Masaki, maana kwetu Tabata duka la Mangi lina chakula cha kuku tu. Nikasimama mbele ya rafu. Jamani. Picha zote ni za paka wazungu, manyoya yamevimba, macho ya bluu, hakuna hata mmoja aliyewahi kupigwa ndala. Halafu soma ladha: bata mzinga, salmoni, sungura. Diwani hajawahi kukutana na bata mzinga, mimi mwenyewe huwa namuona Krismasi kwa watu. Sungura nilimrudisha kwa heshima. Kiumbe aliyewashinda fisi na simba kwenye hadithi zote za bibi, leo aishie kwenye pakiti ya gramu 85? Sikuweza. Kisha kuna cha jeli, kuna cha mchuzi, kuna kile laini cha kusagwa. Na bei! Pakiti moja ni chips kavu na soda juu yake.

Sasa rafu ile imepakana na ya watoto wachanga. Dada wa pale akanikuta nimeganda, akauliza, "Mtoto ana umri gani, kaka?" Nikamwambia miaka mitatu, wa kiume, anasumbuliwa na mkojo. Akanipa pole ya dhati kabisa, akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye nepi.

Nikaondoka na bata mzinga wa kusagwa, pakiti za kutosha, kwa sababu zilikuwa na punguzo. Ndiyo, nilichagulia afya ya paka kwa punguzo. Endeleeni kusoma.

Jumamosi mchana, umeme umekatika, joto la Dar mnalijua. Mlango nimeuacha wazi, limebaki pazia. Nimevaa bukta tu. Nikaweka pakiti kwenye bakuli la maji ya moto kama daktari alivyosema, ikapata uvuguvugu, nikaimimina. Harufu ikajaa sebule nzima, na ukweli usemwe, ilikuwa harufu ya maini yanayoiva. Jirani kapita koridoni akasema, "Leo mnakula!"

Diwani akaja. Akanusa. Akanitazama. Akaanza kukwangua sakafu kwa mkono wake mmoja pembeni ya sahani, taratibu, ile ile wanayofanya wakimaliza haja wakafukia. Akaifukia chips kavu yangu na soda yake.

Hapo nikamkumbuka mama alivyokuwa anamlisha mdogo wetu. Mtoto akikaza mdomo, mama anajilisha yeye kwanza: "Mama anakula, aaaam!" na mtoto anaona wivu anafungua. Nikasema hii ndiyo dawa.

Naomba twende polepole, maana hapa ndipo Chidi anapoongopa.

Nikapiga magoti. Kiwiko cha kushoto nikakilaza sakafuni ili uso wangu ulingane na wake. Nikachota nusu kijiko. Nia yangu, na Mungu anajua, ilikuwa kuigiza: kijiko kifike kwenye midomo, nifanye aaam, nikirudishe. Lakini yule paka alinikazia macho. Hakupepesa. Nikaona huyu anajua. Kijiko kikaingia.

Laini. Vuguvugu. Chumvi hakuna hata chembe. Mbele ni maini, ukitulia kwa nyuma kuna ladha ya chuma, ile ya kulamba ufunguo. Nikajikaza, nikasema kwa sauti ya mapenzi, mdomo umejaa: "Mmmmh! Tamu, baba! Ona baba anakula. Aaaaam!" (Baadaye nimesoma kwamba paka hasikii utamu wa sukari kabisa, kazaliwa hivyo. Kwa hiyo hata hilo neno "tamu" lilikuwa kazi bure.)

"Hodi!"

Na haikuwa hodi ya vijana. Ilikuwa hodi nzito, ya kifuani, ya mtu mzima ambaye mguu mmoja ameshaingiza ndani.

Pazia likasogea. Mkono wa kwanza kuuona ni wa Chidi. Chidi ni mshenga wangu, kwa wasiojua, na nitalirudia neno hilo ili liwaume: mshenga wangu. Nyuma ya Chidi, shangazi yake mchumba wangu, kitenge cha heshima, kibegi kwapani. Nyuma ya shangazi, baba mdogo wake, mwalimu mstaafu, shati la mikono mirefu kwenye joto lile. Walitoka hospitali kumwona mgonjwa wakasema wapite wapaone ninapoishi. Wadau, hawa ndio watu ambao barua yangu ya posa iko mezani kwao na haijajibiwa.

Mimi niko chini. Kifua wazi. Kijiko kinaning'inia mdomoni. Ana kwa ana na paka.

Nikataka kusema shikamoo. Jaribu kusema shikamoo ukiwa na bata mzinga mdomoni. Ile "sh" inahitaji ulimi, na ulimi ulikuwa na kazi nyingine. Kutema siwezi, ukweni kutema mbele ya wakubwa ni kesi nyingine kabisa. Zikapita sekunde. Nikameza. Sawa, hapo nakubali, hicho kipande hakiitwi kuonja.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo baba."

Shangazi, Mungu ambariki, alidhani nimepiga magoti kwa adabu. "Marahaba mwanangu, marahaba! Jamani inuka, inuka, mbona unajitesa?" Nikainuka. Akavuta pumzi kwa pua, uso ukachanua. "Kumbe umetupikia! Chidi, ulimwambia tunakuja?"

Chidi kimya. Ameshaiona pakiti pale sakafuni. Namfahamu Chidi, ile namna anavyokaza mashavu.

Na mimi, badala ya kusema ukweli nikiwa bado nina heshima kidogo, nikaona mlango wa kutokea nikapita nao: "Nilikuwa naonja tu, shangazi. Kama kimekolea."

"Na kimekolea?"

"Bado kidogo."

Akaketi. Akaomba sahani aione. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikampa. Akaileta karibu na pua, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akachota kidogo kwa ncha ya kijiko, akakiangalia kinavyoshuka. Moyo wangu unapiga hadi naona bukta inatikisika. "Hiki hakina rangi, mwanangu," akasema kwa huruma. "Ndiyo mambo ya kuishi peke yako haya. Jiko liko wapi? Kinataka nyanya na kitunguu, nikikukaangie sasa hivi."

Sijui nini kilinitokea. Kile kidole cha daktari kilinijia usoni.

"Kitunguu hapana, shangazi! Kitamuua!"

Umeme umekatika, feni haizunguki, friji halingurumi. Mnajua ukimya wa nyumba isiyo na umeme. Mpaka nikamsikia Diwani anajilamba.

"Kitamuua nani?"

Macho yake yakatoka kwangu, yakaenda kwenye sahani, yakashuka mpaka kwa Diwani, yakarudi kwangu. Baba mdogo wakati huo ameinama, ameokota pakiti, anatafuta miwani kwenye mfuko wa shati. Ameifuta miwani. Ameivaa. Kila kitu alikifanya kwa utaratibu wa msimamizi wa mtihani.

"Hapa kuna picha ya paka," akasema.

"Ni nembo tu hiyo, baba," nikamjibu, na naapa nilikuwa naiamini wakati naisema. "Mbona saruji ya Twiga haina twiga ndani?"

Chidi akatoa mlio fulani akakimbilia nje. Ndiyo maana nasema voisi yake imeanzia njiani. Nusu ya kesi hakuisikia, alikuwa anagaragara kwenye koridoo ya watu.

Baba mdogo hakujibu hoja ya saruji. Akasogeza pakiti mbali na macho, akasoma Kiingereza chote kwa sauti ya darasani, mstari kwa mstari, kisha akamgeukia shangazi akamfasiria. "Inasema ni chakula kamili. Kwa paka wakubwa. Wa kuanzia mwaka mmoja."

Shangazi akanitazama kwa muda. Hana hasira, hana kicheko, anahesabu.

"Wewe una miaka mingapi, mwanangu?"

"Thelathini na moja, shangazi."

"Basi umri unaruhusu."

Baba mdogo akavua miwani akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yanaruka. Basi ikawa imeisha. Shangazi akaiweka sahani chini miguuni kwake, na yule mnafiki akaja akala yote, akalamba mpaka maua ya sahani. Nikavaa shati, nikaagiza chips mayai kijiweni, tukala, wakaaga vizuri. Mchumba hakupokea simu mpaka usiku, halafu akanitumia ujumbe wa neno moja: "Nyau." Majibu ya barua bado. Chidi anasema njiani baba mdogo aliuliza kama ukoo wetu wote tuko hivi.

Diwani anakojoa vizuri, tena kwa wingi, asante daktari. Siku hizi anakula cha mchuzi, ladha ya samaki, na mpaka aone sahani imewekwa na mtu mwingine ndipo anakaribia; nahisi ananishuku nitammalizia. Bata mzinga anamfukia hadi leo. Kwa hiyo nina pakiti hapa, tarehe bado haijapita. Tabata na maeneo jirani, aliye na paka asiye na maringo aje achukue bure, ila aje na paka nimwone. Na nyie mnaonitumia ujumbe kuniuliza sungura ana ladha gani: sungura sikumnunua. Rudini juu msome.