Kabla ya Kushusha Kipeo, Chora Mraba

Likizo ya Agosti, mpwa wangu wa kidato cha nne alikuwa akifanya hesabu za kalkulasi, zile za kutafuta kasi ya mabadiliko, kwenye baraza ya nyumba yetu, mtaa wa Migosi hapa Kisumu. Mkono ulikuwa unakimbia. x⁵ ikawa 5x⁴, x² ikawa 2x, hakukosea hata moja. Nikamuuliza, "Hii 2x, x ikiwa 3, inakuwa 6. Hiyo 6 ni ya nini?"

Akaniangalia. "Si ndiyo jibu, Mjomba?"

Sikumlaumu. Hata mimi nilifunzwa hivyo hivyo: kipeo, ile namba ndogo ya juu, kishuke mbele, kisha ukipunguze moja. Tuliikariri kanuni, tukaingia kwenye zoezi. Miaka ilipita kabla sijajua nilichokuwa nakariri, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kulielewa jambo lenyewe kunahitaji kipande cha chaki tu.

Tukachukua chaki, tukachora mraba kwenye sakafu ya saruji. Upande 3, eneo 9. Nikamwambia aupanue kidogo, upande uwe 3.1. Akapiga hesabu: 9.61. Upande umeongezeka 0.1, eneo limeongezeka 0.61, ukigawanya unapata 6.1. Tukajaribu 3.01, ikatoka 6.01. Kwa 3.001 ikawa 6.001.

"Inaikaribia 6," akasema, kisha akainama kuutazama mchoro. Mraba ulikuwa umepata kanda mbili nyembamba, moja juu na moja ubavuni, kila moja ina urefu wa 3. Kwenye kona kulikuwa na mraba mwingine mdogo sana. Kanda mbili za 3, hiyo ndiyo 6. Ule wa kona hupungua haraka kuliko kanda, mwishowe hauhesabiki. Mchemraba nao ukiupanua hivyo, unavimba kwenye nyuso tatu, kila uso x², ndiyo maana x³ huwa 3x².

Kanuni yenyewe siipingi. Mwanahisabati Mjerumani Leibniz alipoichapisha mwaka 1684 aliwapa watu njia ya mkato ambayo bado ni tamu. Ninachopinga ni kumpa mtoto njia ya mkato kabla hajaiona njia.

Najua walimu watasema silabasi ni ndefu na mtihani wa taifa wa KCSE haumsubiri mtu. Ni kweli. Lakini nusu ya kazi hii ilishafanywa kidato cha tatu, pale wanafunzi wanapopanua (x + h)⁴, h ikiwa ile nyongeza ndogo. Jibu huanza na x⁴ + 4x³h, na vinavyofuata vyote vina h² au zaidi. Ondoa x⁴, gawanya kwa h, kisha acha h ipungue hadi isionekane. Inabaki 4x³. Mtoto ameshika kanuni mkononi mwaka mzima na hakuna aliyemwambia!

Na bila picha hiyo, kanuni ya kukariri humwangusha mtu penye vipeo hasi. Mwambie mwanafunzi ashughulikie 1/x², yaani x⁻². Wengi huandika -2x⁻¹, kwa kuwa wakisikia "punguza moja" wanaifanya 2 iwe 1. Jibu ni -2x⁻³. Aliyezoea kupanua kidogo na kugawanya anaweza kujisahihisha. Achukue x = 2, aipeleke 2.01, agawanye badiliko la 1/x² kwa 0.01: kalkuleta itampa karibu -0.248. Sasa aweke 2 kwenye majibu yote mawili. -2x⁻³ inatoa -0.25. -2x⁻¹ inatoa -1.

Siku mbili baadaye mpwa wangu aliniletea daftari lake la muhula uliopita. Kosa hilo hilo lilikuwa mle, mara tatu kwenye ukurasa mmoja, na pembeni ya kila moja alikuwa ameandika kwa penseli: 2.01.