Ukishavaa Kile Kitepe, Umeliwa

Wenzangu wakiingia kwenye bustani ya michezo huuliza mtelezo mrefu uko wapi. Mimi huuliza jiko liko wapi. Nina miaka 16, nipo kidato cha tatu hapa Bagamoyo, na mwili wangu kwa sasa una kazi moja tu: kupokea. Mama anasema nina minyoo. Bibi anasema narefuka. Baba mdogo anasema nimetumwa na maadui zake nije kumfilisi. Vyovyote iwavyo, nikisema migahawa ya kwenye hizi bustani za mabembea inatuonea, msidhani ni deko la mtoto. Nimekila chakula chao. Hata kile nilichokiponda, nilikimaliza kwanza ndipo nikakiponda.

Tatizo ni moja. Chakula cha mle ndani hakipikwi na mpishi, kinapikwa na uzio.

Nenda jioni soko la samaki hapa kwetu, pale chini ufukweni. Makarai yanatokota mafuta, ngisi huyu, kamba wale, mihogo pembeni, na wauzaji wamekaa bega kwa bega. Pweza wa huyu akiwa mgumu, unachukua kijiti chako unahamia meza ya pili. Yule wa kwanza anakuona unavyohama, na jirani yake anacheka kwa sauti. Bwana afya mwenyewe hawezi kumtia mtu adabu kwa namna ile. Ndiyo maana pweza wa pale analainika, na pilipili yake ikikuingia unakumbuka mpaka madeni ya utotoni.

Sasa bustanini utahamia wapi? Umeshalipa kiingilio, umeshafungwa kitepe mkononi, na ukitoka nje kurudi ni mpaka ulipe tena. Mpishi anajua hilo. Anakutazama kutoka kwenye kidirisha chake bila haraka yoyote. Hana haja ya kukupikia vizuri, maana hata akikupikia vibaya jioni utakuwa bado umo.

Halafu kuna lile bango la getini. CHAKULA NA VINYWAJI KUTOKA NJE HAVIRUHUSIWI. Limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la bustani yenyewe.

Idi Pili baba mdogo alikuja kutoka Dar, akatupakia wote kwenye gari la kukodi, tukashika barabara mpaka kwenye bustani moja ya maji ambayo siitaji, wenyewe wanajijua. Mama alikuwa ameamka kabla ya adhana ya alfajiri. Alisukuma chapati, akaunga maharage kwa tui zito, akakaanga kuku, vyote akavifungia kwenye hotipoti zake za harusi, zile ambazo sisi hata kuzifuta vumbi anaturuhusu kwa mashaka. Kuanzia Kiromo mpaka Mapinga harufu ya yule kuku ilikuwa abiria mwenzetu, na kila nilipopeleka mkono nilipigwa kofi. "Subiri tufike."

Tukafika. Mlinzi akafungua kikapu, akafunua hotipoti ya kwanza, akanusa. Nilimwona. Alinusa kwa muda mrefu kuliko kazi yake inavyohitaji.

"Hiki hakiingii, mama."

"Hakiingii vipi, na wa kukila ni sisi?"

"Ndio utaratibu. Mtakiacha hapa, mtakichukua mkitoka."

"Mwanangu, umeona bomu humo?"

"Samahani mama, mie nimeajiriwa tu."

Baba mdogo, ambaye akiona mtu mwenye sare hugeuka mpole ghafla, akasema tusilete vurugu siku ya sikukuu, tutakula ndani, yeye atalipa. Hilo la kulipa alilisema kabla hajaiona menyu. Aliyepita na mzigo ni bibi peke yake. Alikuwa na visheti amevifungia kiunoni ndani ya kanga. Mlinzi akamwuliza kwa adabu, "Bibi, hapo kiunoni umebeba nini?" Bibi akajibu, "Nimebeba umri, mjukuu wangu. Unataka kuukagua?" Akapita.

Menyu ya mle ni ndefu, ina picha, na sijui hizo picha walizipigia nchi gani. Kuna kuku mmoja kavishwa jani la kijani, sahani inafuka moshi, pembeni kuna kisu na uma. Tukaanza kuagiza. Pilau? Limeisha. Biriani? Ijumaa tu. Samaki wa kupaka? Huyo mpaka utoe oda jana. Mishikaki? Jiko la mkaa leo haliwashwi.

"Kwa hiyo kaka, kilichopo ni nini?"

"Chipsi."

Chipsi, kwa kurasa nane.

Na bei sasa. Soda ambayo kwa Mangi naichukua kwa buku na chenji inabaki, mle ni 2,500. Nikamwuliza mhudumu tofauti ni ipi. Akasema ya kwao ni ya baridi. Ikaja ya moto. Chipsi kuku 15,000. Baba mdogo akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Bei ikawa ile ile.

Tukakaa. Wadogo zangu wakaenda kuserereka majini wakarudi, wakaenda tena wakarudi, vidole vikakunjamana, midomo ikaanza kutetemeka, chipsi bado ziko njiani. Kila ukimwuliza mhudumu anakwambia "zinatoka sasa hivi", na anakwambia huku anatembea, tena anatembea kwenda upande usio na jiko.

Zilipotoka, zilitoka zimepauka na zimelegea. Kachumbari ilikuwa nyanya iliyokatwa nyembamba mpaka namwona dada yangu upande wa pili. Tomato imetiwa maji. Niliimimina kwenye chipsi ikavuka ukingo wa sahani ikaenda kwa jirani. Na kuku! Mie nimefuga kuku, nimechinja kuku, nimenyonyoa kuku kila sikukuu, lakini kile kipande nilicholetewa mpaka leo sijui kilikuwa kinafanya kazi gani kwenye mwili wa yule kuku. Nikaomba pilipili. Nikaambiwa pilipili inalipiwa.

Kunguru akatua mezani. Mnawajua kunguru wa huku Pwani, hawana wanachokiogopa wala wanachokikataa. Akachukua chipsi yangu moja, akaruka nayo mpaka juu ya mwavuli, akaionja, akaiacha idondoke. Bibi akafungua kanga yake taratibu, akaanza kutafuna visheti huku anatutazama.

Msiseme naponda vya kwetu tu. Tuliporudi nilifanya uchunguzi. Nina binamu ana bando la usiku, tukakesha tunaangalia watu wanavyokula kwenye bustani kubwa za duniani. Jamani. Ile Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, na Walt Disney World ya kule Florida, mgeni anaruhusiwa kuingia na chakula chake. Narudia, kwa sababu mama aliniambia nirudie: anaingia na chakula chake! Wanakataza pombe, wanakataza vyombo vya kioo, lakini chapati haina kesi. Hotipoti za mama zingekaguliwa, zingefunikwa, zingepita. Na kwenye dirisha la chakula ukiomba maji wanakupa kikombe na barafu, bure. Barafu pekee niliyoiona mimi Idi Pili ilikuwa kwenye picha ya menyu.

Sisemi huko ni peponi. Bei zao nazo zinamtoa mtu machozi, na ile migahawa ya kukaa mezani watu wanaiwekea nafasi mpaka siku 60 kabla. Siku 60! Mie hata leo usiku sijui ni wali au ugali, mwenzangu anajua kwamba miezi miwili ijayo, saa saba na robo mchana, atakuwa na njaa ya kuku.

Na wana vituko vyao. Huko huko Florida kuna bustani inaitwa Animal Kingdom, ya mwaka 1998, ndani yake wamejenga kijiji kizima cha Uswahilini cha bandia, wamekiita Harambe, wameigiza Lamu. Kuta wamezichubua makusudi zionekane kuukuu. Makusudi, na kuna fundi kalipwa! Sie za Mji Mkongwe hapa zinachubuka zenyewe kila masika bila mtu kulipwa hata jero. Kwenye hicho kijiji kuna mgahawa unaitwa Tusker House. Baba mdogo alikuwa amejilaza kwenye kochi. Aliposikia hilo jina akainuka. Nikamwambia hapana baba mdogo, si bia, ni mambo ya tembo. Akazidi kukaa vizuri. Bibi akasema astaghafirullah, ikabidi nimwoneshe baba mdogo picha ya mnyama mwenye mkonga ndipo akarudi kulala.

Mle Tusker House bata Donald kavaa nguo za safari, anapita meza kwa meza kusalimia watu wanaokula. Kwetu aliyepita meza kwa meza ni paka. Na bustani nzima mirija ni ya karatasi, ya plastiki hawatoi, wasije wakadhurika wanyama. Yaani wanamfikiria mpaka twiga. Mimi nililetewa soda ya 2,500 bila mrija wa aina yoyote. Kwenye Disneyland ya Tokyo nako watu wanapanga foleni ndefu kabisa kusubiri bisi, kwa sababu kila kibanda kina ladha yake, mpaka ya kari ipo. Bisi za kwetu zilikuwa kwenye nailoni, zimepoa, zina ladha ya nailoni.

Iliyonimaliza kabisa ni habari ya Knott's Berry Farm, huko California. Hao walikuwa wakulima, wanauza beri zao kando ya barabara. Mwaka 1934 hali ikawa ngumu, mama wa nyumba, Cordelia Knott, akakaanga kuku, akawapakulia watu wanane kwenye vyombo vyake vya harusi, senti 65 sahani moja. Nilipofika kwenye vyombo vya harusi mama akaacha kuchambua mchele. "Huyo ni mwenzangu," akasema. Kuku alikuwa mtamu, watu wakaambiana, foleni ikarefuka mpaka mumewe, Walter, mwaka 1940 akaanza kujenga kijiji cha kizamani pale pale ili wanaosubiri kuku wapate cha kutazama. Bustani ikaota hapo. Wao kuku wao ndiye aliyeleta mabembea. Sisi tunaanza na mabembea, kisha anatafutwa kuku yeyote.

Mimi ningepewa ile bustani wiki moja tu, nisingegusa hata mtelezo mmoja. Ningeenda soko la samaki, nikawachukua wale akina mama na makarai yao, nikawapanga ndani ya uzio bega kwa bega, waonane. Basi.

Sijawaambia tulivyotoka siku ile. Jua limeshuka, njaa imerudi na ndugu zake, tukafika getini mama akadai kikapu. Mlinzi akakileta kwa mikono miwili, kwa heshima iliyozidi. Mama akanyanyua hotipoti. Mwanamke aliyepika anaujua uzito wa chakula chake. Akaitikisa. Akanyanyua na ya pili.

"Kuku wangu yuko wapi?"

"Mama, jua lilikuwa kali. Tukaona vitaharibika."

Hiyo "tukaona" ikanifanya nichungulie nyuma ya kibanda. Walikuwepo wengi, na kati yao alikuwepo mhudumu wetu, yule wa "zinatoka sasa hivi", anachokoa meno. Nikamwuliza, kaka, si mna mgahawa humo ndani? Akanitazama kwa huruma.

"Dogo, sisi hatulagi pale."

Mama angesamehe. Ilikuwa Idi, nilishauona uso wake unaanza kulegea, alishaanza kuihesabu ile kuwa sadaka. Mlinzi angenyamaza tu, yangekwisha. Lakini akaongeza, kwa nia njema kabisa:

"Chapati safi sana, mama. Ila maharage, nazi ilizidi kidogo."

Baba mdogo akawahi kuwasha gari. Tunapita Kerege mama bado anauliza, "Nazi izidi? Izidi iende wapi?" Baba mdogo akasema labda kijana ni mtu wa bara. "Hata kama ni wa bara, ulimi si anao?" Zinga tukaipita, hajamaliza. Bibi akamkabidhi kisheti kimoja anyamaze. Akakitafuna, akakimeza, akaendelea pale pale alipoishia.