Sadaka ya kila siku: gharama inamwangukia nani?

Mkristo anayefanya kazi hotelini Nungwi au Kiwengwa, Zanzibar, mara nyingi Jumapili asubuhi huwa amebeba sinia la chai, wenzake wako kanisani. Zamu imeshapangwa, msimu wa wageni umepamba moto, na kutoka Nungwi hadi makanisa makubwa ya mjini, Mkunazini na Minara Miwili, ni karibu kilomita 60. Akiuliza atamtumikia Mungu vipi, hujibiwa upesi kwamba kazi yake ndiyo ibada na kujinyima kwake ndiko sadaka. Jibu hilo lina ukweli mkubwa. Lina pia hatari ambayo haisemwi vya kutosha.

Tuanze na ukweli wake. Paulo anawaambia Warumi waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai (12:1), na mwili ndio unaoamka alfajiri, unaosimama jikoni, unaobeba mizigo bandarini. Waebrania 13:16 inataja kutenda mema na kushirikiana kuwa sadaka zinazompendeza Mungu. Hata Torati ilimtazama mtu mfuko wake: asiyemudu kondoo alileta hua wawili, na asiyemudu hata hao alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga (Walawi 5), kama lita 2 hivi. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege, ile waliyoruhusiwa maskini. Kwa hiyo anayedhani kwamba sadaka ni ya wenye nafasi hajaisoma Biblia vizuri.

Pemba jambo hili linaonekana kwa macho, juu ya jamvi la karafuu. Karafuu zikishachambuliwa makonyo, yaani vijiti vyake, huanikwa juani siku 4 au 5, tabaka jembamba, zikipinduliwa mchana na kufunikwa kabla ya umande au mvua. Zikikauka sawasawa hubaki kama theluthi ya uzito: kilo 30 mbichi hutoa kilo 10 kavu. Utazijua kwa rangi ya hudhurungi iliyokolea, na ukiikunja moja inavunjika, haipindi. Kishawishi huja siku ya tatu. Ukizipeleka kuuza zikiwa bado na unyevu, zile kilo 10 zitasoma 11 au zaidi kwenye mizani. Ukiacha makonyo kidogo humo ndani, utaongeza tena. Lakini karafuu zenye unyevu zikirundikwa gunia huchacha, hupauka na kuharibika, na hasara inamfika mtu mwingine mbele ya safari. Malaki aliwakemea makuhani waliomletea Mungu mnyama kipofu na kilema, aina ya zawadi ambayo wasingethubutu kumpelekea liwali wao. Mkristo anayesubiri zikauke anaiacha hiyo kilo ya ziada kwa hiari yake, na hakuna atakayempongeza. Hiyo naiita sadaka bila kusita, maana imemgharimu. Daudi alikataa kupewa bure uwanja na ng'ombe wa Arauna kwa sababu hiyohiyo: hakutaka kumtolea Bwana kisichomgharimu kitu (2 Samweli 24:24).

Upande wa pili, wa wanaolitilia shaka jibu hilo, una hoja mbili. Ya kwanza ni nyepesi kidogo: kila kitu kikiitwa ibada, ibada yenyewe huyeyuka. Anayejiambia kwa miaka kwamba zamu yake ndiyo misa yake huishia bila sala, bila Neno, bila wenzake. Waebrania 10:25 inaonya juu ya kuacha kukusanyika. Onyo hilo ni la haki.

Hoja ya pili ndiyo nzito, nayo ni ya gharama. Mtu anaweza kutoa sadaka ambayo mwingine ndiye anayeilipa. Katika Marko 7 Yesu anawashutumu waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Chukua mfano wa mhudumu anayepata shilingi 400,000 kwa mwezi. Akitoa fungu la kumi ni 40,000. Wapo wanaofundisha kwamba hiyo hutoka kwanza, kabla ya kodi ya chumba, nami naheshimu nidhamu yao. Lakini kama hiyo 40,000 ndiyo ada ya skuli ya mtoto au dawa ya mama aliye bara, basi anayefunga si yeye, ni mtoto na mama. 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani. Paulo mwenyewe, akiwachangisha Wakorintho, alisema hataki wengine wapate raha na wao wapate dhiki (2 Wakorintho 8:13).

Hapo ndipo mjane wa senti mbili anapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Tumezoea kumtoa kama mfano wakati wa michango, na kweli Yesu alimsifu. Ila mstari uliotangulia, Marko 12:40, unawalaani waandishi wanaokula nyumba za wajane. Anayemsifu mjane kwenye mimbari lazima aeleze pia kama kanisa lake litamla mjane huyo au litamlisha kesho yake.

Vivyo hivyo kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri, akapika, akaenda kuuza, jioni akafagia kanisa na kuwapikia wageni wa parokia, huku wanaume wa jumuiya wakijadili bajeti. Tukimwambia tu kwamba "anajitoa", tumeupa uvivu wetu jina la dini. Na mwenye shamba anayepokea pishi (kipimo cha karafuu) iliyorundikwa kilima na kumlipa mchumaji kama pishi ya kawaida, kisha akafunga Kwaresima, ndiye Isaya 58 anayemsema: anafunga huku akiwalemea wafanyakazi wake.

Visiwani neno la kujitoa lina uzito wa pekee. Kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka soko la watumwa lilipofungwa, juu ya ardhi ya soko hilohilo. Pale watu walichukuliwa, hawakujitoa. Mahubiri yoyote ya sadaka yasiyotenganisha kutoa na kunyang'anywa hayafai kusemwa juu ya udongo ule.

Kwa maoni yangu upande wa kwanza unashinda, kwa masharti: gharama imwangukie mtoaji, imfae anayepokea, na iweze kurudiwa wiki ijayo. Mfano mmoja unaotimiza yote ni wa Ramadhani. Magharibi Zanzibar huingia baada ya saa kumi na mbili jioni, wakati migahawa ya hoteli inajiandaa kwa chakula cha usiku. Mkristo akishika meza za mwenzake kwa dakika 20, mwenzake anapata kufuturu na kusali kwa utulivu. Huharibika pale inapofanywa kienyeji: msimamizi anaona mtu hayupo, mgeni anakaa bila maji, lawama zinamwangukia aliyekwenda kuswali. Mkubaliane kabla mwezi haujaandama, iandikwe kwenye ratiba ya zamu, na ajulikane nani anashika meza zipi. Usimdai akulipe siku ya Krismasi. Akijitolea mwenyewe, mpokelee kwa shukrani.

Kujizuia kula hadharani mchana wa mwezi huo ni adabu ya ujirani, na ni wajibu. Sioni haja ya kuiita sadaka, kwa kuwa Paulo anataka anayetoa asitoe kwa lazima (2 Wakorintho 9:7).

Kuhusu ile Jumapili ya mhudumu wa Nungwi, mzigo usibaki kwake peke yake. Kwa Wakatoliki misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili, na madhehebu mengine hayakatazwi kukusanyika katikati ya wiki. Wachungaji na mapadri waanze kwa kuwauliza wafanyakazi wa kaskazini na mashariki ratiba zao za zamu, ndipo wapange saa za ibada, hata kama ni watu sita kwenye chumba cha kupanga.