Msinisomee kabla sijaomba

"Ami, njoo usikie, hii wameitengeneza kwa ajili yenu msioona." Mtoto wa kaka yangu huyo, akiniita barazani kwetu Langoni. Ulikuwa ukurasa wa historia ya Mji Mkongwe wa Lamu. Nikaufungua kwenye kompyuta yangu, NVDA, programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, ikaanza kunisomea kichwa cha habari, na papo hapo mzee mmoja wa sauti nzito, aliyerekodiwa humo ukurasani, naye akaanza kusimulia. Huyu yuko kwenye menyu, yule keshafika 2001, UNESCO inautia mji kwenye urithi wa dunia. Sikuambulia la huyu wala la yule.

Kitufe cha Kontroli huinyamazisha NVDA tu. Nikishusha sauti ya kompyuta, NVDA nayo inazama, na hiyo ndiyo macho yangu. Nikabonyeza B, herufi ya kurukia vitufe: "kitufe", "kitufe", "kitufe". Hakuna hata kimoja chenye jina. Cha kusimamisha ni kipi, anajua fundi aliyevipanga.

Si jambo geni. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kutengeneza kurasa zinazotumika na wenye ulemavu, tangu toleo la 2008, unasema sauti inayojianzisha na kupita sekunde 3 iwe na njia ya kuisimamisha, au kuipunguza bila kugusa sauti ya mashine nzima. Mimi naona hata hizo 3 ni nyingi. Isianze kabisa.

Lakini wasiifute! Kijana alipoizima kwa mausi nikaisikiliza upya, peke yake. Mzee alighani beti za utenzi kwa mahadhi yake hasa. NVDA beti huzisoma kama risiti ya duka. Basi waiweke juu kabisa, kwenye kitufe kinachojitaja "Sikiliza masimulizi", na maneno yote yaandikwe chini yake, maana wapo wasiosikia, na wapo wenye bando la kubahatisha.

Tena ukurasa ni wa Kiswahili ila ndani umetiwa alama ya Kiingereza, kwa hiyo "Mkomani", jina la mtaa wa hapa Lamu, ilitamkwa na mtalii aliyeshuka boti sasa hivi. Dawa yake ni herufi mbili tu kwenye msimbo: sw.

Nimewaandikia yote haya. Jibu lilikuja jana: picha ya skrini, haina maelezo.