Jiwe Lililochemshwa

Baba mkwe wangu amevua samaki katika Ziwa Nyasa tangu ujana wake. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba yapo mawe yanayoelea majini, alinitazama kwa huruma, kisha akamwuliza binti yake kama huko mjini ninakula vizuri. Mimi ni mwalimu wa sayansi, na dharau ya namna hiyo haivumiliki. Nilichukua jiwe jeupe, jepesi, nililoliokota karibu na Tukuyu mahali ambapo barabara imekata kilima, na ambalo mke wangu hulitumia kusugulia visigino, nikalitia katika beseni la maji. Likaelea. Mzee akalizamisha kwa kidole, likaibuka. Akaagiza wazee wenzake waje kesho yake, na kwa kuwa bado hakuamini, akaweka jogoo: jiwe likielea mbele ya mashahidi, jogoo wake ni wangu, likizama, nitamnunulia mwingine.

Usiku ule nilitayarisha maelezo. Mlima Rungwe ulipolipuka takriban miaka 4,000 iliyopita, mwamba ulioyeyuka ulikuwa umebeba gesi nyingi, nayo ilitoka kwa vurugu mara shinikizo lilipopungua, mithili ya soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa. Povu lile likaganda likiwa bado povu, likawa kioo chenye matundu mengi kuliko kioo chenyewe. Maji huingia katika matundu hayo, lakini huziba vijia vyake vyembamba na kuifungia gesi ndani, ndiyo maana jiwe huweza kuelea kwa miezi mingi. Mawe ya Krakatau, volkano ya Indonesia iliyolipuka Agosti 1883, yalivuka Bahari ya Hindi, na Julai 1884 wanafunzi wa shule ya misheni huko Zanzibar walikuwa wakiyachezea ufukweni.

Asubuhi niliyasema yote hayo, na nakiri kwamba kwenye Krakatau nilirefusha kidogo. Wazee walisikiliza kwa adabu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akaniletea jiwe juu ya sahani, likiwa limefunikwa kitambaa. Nililiona zito mkononi, lakini hotuba ilikwisha kunoga, nami nikaliachia juu ya beseni.

Chubwi! Likaenda moja kwa moja hadi chini, wala halikutoa hata kiputo kimoja.

Mzee mmoja aliinama, akalichungulia kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole: “Mwalimu, litarudi saa ngapi?”

“Shemeji,” alisema yule binti, “ningewezaje kuwaletea wazee jiwe la kusugulia miguu bila kulisafisha?” Alikuwa amelichemsha kwa sabuni jioni nzima, kisha akaliacha lipoe ndani ya sufuria mpaka asubuhi.

Hakuna njia bora zaidi ya kulizamisha jiwe kama lile. Joto liliitanua gesi na kuifukuza, mvuke ukachukua nafasi yake, na sufuria ilipopoa mvuke ukarudi kuwa maji na kuvuta maji mengine hadi ndani kabisa. Kilichobaki ni kioo na maji, na kioo ni kizito kuliko maji. Hata mawe yanayoangukia baharini yakiwa bado ya moto hunyonya maji kwa namna hiyohiyo na kuzama mapema. Nilijaribu kueleza kwamba shemeji amefanya jaribio zuri kuliko langu, lakini wazee walikuwa wamekwisha kuanza kuzungumzia bei ya mpunga.

Nilikimbilia garini, nikatafuta kwenye buti kipande kingine kikavu, nikakitupa katika beseni, nacho kikaelea bila wasiwasi. Baba mkwe alikitoa, akakipima kiganjani, akanirudishia.

“Hiki si jiwe, mwanangu. Jiwe ni lile lililozama.”

Jogoo nilimnunua sokoni siku hiyohiyo. Aliyempika ni shemeji, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuchemka vya kutosha.