Tuonyeshe kazi, vyeo tumeshaviona

Fungua LinkedIn asubuhi yoyote usome wataalamu wetu wanavyojitambulisha: kiongozi mwenye maono, mhamasishaji, mshauri wa kimataifa, mwanzilishi na mkurugenzi mtendaji. Unamaliza kusoma na bado hujui kama mtu huyo anachora ramani za nyumba, anakagua hesabu au anatibu meno. Mimi naamini jina la mtaalamu mtandaoni linajengwa na kazi yenyewe, ikionyeshwa na kuelezwa mpaka asiye na fani hiyo aelewe. Na kama wateja wako ni Waswahili, ielezwe kwa Kiswahili.

Namfuatilia mhandisi mmoja wa majengo ambaye hata wafuasi wengi hana. Kuna siku aliweka picha ya nguzo iliyotoka kuvuliwa mbao: chini imejaa matundu, kokoto ziko nje, nondo inachungulia. Hakumtaja fundi wala kumkejeli. Alieleza kwamba zege halikushindiliwa vizuri wakati wa kumimina, hewa ikabaki ndani, na kwamba kufunika matundu hayo kwa plasta ili mwenye nyumba asiyaone ni hatari, kwa sababu unyevu ukiifikia nondo italiwa na kutu. Akaendelea: fundi anayeongeza maji ili zege limiminike kirahisi analidhoofisha, na nguzo ikishamiminwa imwagiliwe angalau siku 7 za mwanzo.

Maswali yakamiminika. Mmoja kamimina jana, afanyeje? Mwingine kaleta picha ya lenta yenye ufa. Aliwajibu mmoja baada ya mwingine, na huyu wa lenta akamwambia wazi kuwa kwa picha tu hawezi kusema lolote, lazima afike saiti. Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Sijawahi kumwona akijiita mbobezi, lakini ndugu yangu akianza msingi kesho, namba nitakayompa ni ya huyo.

Wapo wanaosema Kiswahili kinamshushia mtaalamu hadhi. Anayetafuta kazi Geneva aandike Kiingereza, hilo sibishani nalo. Ila mwenye kiwanja Chanika au Kitengela anataka kuelewa fedha yake inakwenda wapi, na atampigia simu yule aliyemwelewesha. Maelezo mazuri ya Kiswahili kuhusu mirathi, kodi ya zuio au kisukari bado ni machache mno. Nafasi iko wazi, na inanisikitisha kuona inajazwa na matapeli wa dawa za kienyeji huku madaktari wetu wakinyamaza.

Tiki ya bluu, ile alama inayokaa kando ya jina la akaunti, isikusumbue. Twitter, ambayo sasa inaitwa X, iliziondoa tiki za zamani zilizotolewa bure Aprili 2023, na tangu hapo mtu wa kawaida anaipata kwa kulipia. Kinachopaswa kukusumbua ni mahali unapoiweka kazi yako. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, kuelekea uchaguzi. Tanzania nayo, Mei 2025, X ikazimwa, na aliyekuwa ameweka maelezo yake yote pale akajikuta wasomaji wake wanamfikia kwa VPN, yaani programu ya kupita vizuizi vya mtandao, au hawamfikii kabisa. Nunua kikoa chako, yaani anwani ya tovuti yako mwenyewe, cha .co.tz au .co.ke, uweke humo kazi zako bora hata zikiwa chache, na mitandao uitumie kuwaleta watu hapo.

Kuna jambo moja linaloniuma. Naona wahudumu wa afya wakiposti sura za wagonjwa kitandani, mtoto mwenye jeraha, mama aliyetoka kujifungua, ili ionekane wanafanya kazi. Hiyo siyo kazi ninayodai ionyeshwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Ugonjwa unaweza kuelezwa vizuri kabisa kwa mchoro. Ikibidi picha, usimwombe mtu ruhusa akiwa na maumivu, kwani hapo atakubali chochote. Subiri apone, mwonyeshe picha yenyewe pamoja na maneno utakayoandika chini yake, na akikataa uifute mbele yake.